Goli la Mama limetufundisha kufunga, nani atatufundisha kukaba?

#1 Kitasa Mstaafu
Wakuu salaam.

Nina jambo linanikereketa tangu usiku wa tarehe 22 Agosti 2025, Lamlioui wa Morocco alipotufunga Kwa Mkapa kwenye robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani. Goli moja tu, dakika ya 65, Taifa Stars nje. Na ni Lamlioui huyo huyo aliyewafunga Simba kule Berkane mwezi Mei, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtu mmoja anatutoa machozi mara mbili ndani ya miezi mitatu na siku chache na hakuna anayeuliza nani alikuwa anamkaba.

Hoja yangu ni hii. Tangu Februari 2023 goli la kimataifa hapa kwetu lina bei, zawadi ya Rais Samia tunayoiita Goli la Mama. Lilianza milioni 5, likapanda hadi 10, na Yanga walipofika fainali likawa 20. Vizuri, sina tatizo na zawadi. Ila goli ambalo HALIKUINGIA lina bei gani? Beki aliyetoa mpira kwenye mstari dakika ya 90 analipwa na nani?

Rudini kwenye fainali ile, Mei 2023, sisi Yanga na USM Alger. Mayele anasawazisha dakika ya 82. Dakika ya 84 tumefungwa la pili. Dakika mbili, wakuu! Mimi nilikuwa jukwaani, jirani yangu alikuwa bado ananikumbatia. Akili za uwanja mzima zilikuwa mbele.

Nimecheza beki wa kati, yaani kitasa, miaka tisa, ngazi za chini huko. Najua ninachosema.

#2 Lunyasi Damu
Yanga yenyewe kaulimbiu yake ni "daima mbele, nyuma mwiko". Sasa mlitegemea mkabe vipi na nyuma ni mwiko? 😂😂

#3 Mwananchi Asilia
Lunyasi tulia, bado una zile tano tulizowapiga Simba Novemba 2023 hujazimaliza.

#4 Lunyasi Damu
Na wewe una tano za Mei 2012, tena bila majibu. Na sita za 1977. Tuendelee?

#5 Mhasibu Mpole
Naomba nirekebishe kitu kimoja kabla uzi haujaharibika. Pesa ya Goli la Mama haiendi mfukoni kwa mfungaji, inakabidhiwa timu. Simba walipomfunga Horoya 7-0 Machi 2023, hesabu ilikuwa saba mara tano, milioni 35, kwa timu. Clatous Chama alifunga matatu siku ile, hakuondoka na milioni 15 zake. Jinsi wanavyogawana ndani ni mambo ya klabu.

Kwa hiyo mkuu Kitasa, ukisema inawalipa washambuliaji tu, umeteleza. Kinachohesabiwa ni goli, anayelipwa ni kikosi.

#6 Kitasa Mstaafu
Nimekubali marekebisho, Mhasibu. Lakini soma tena ulichoandika: kinachohesabiwa ni goli. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Ukishinda 1-0 ukakaba kama simba jike, unapata milioni 5. Ukishinda 5-4, milioni 25. Timu ipi imecheza vizuri?

#7 Chenji Kamili
Yanga si walifungwa 3-2 kwa jumla? Hata wangelipwa mabeki ile mechi ilikuwa imeshakufa.

#8 Mwananchi Asilia
Chenji usitupotoshe. Nyumbani tulifungwa 2-1, Algiers tukashinda 1-0. Jumla 2-2. Kombe liliondoka kwa kanuni ya goli la ugenini, ambayo Ulaya walishaifuta tangu 2021 na CAF wameikumbatia mpaka leo. Na goli la Algiers nani alifunga? Djuma Shabani, BEKI, kwa penalti. Kitasa hapo unasemaje?

#9 Kocha Daftari
Nimesoma mpaka hapa, naona watu wanaongelea pesa kwenye tatizo la uwanjani.

Timu ikisawazisha nyumbani dakika za mwisho, inakuwa imeshasukuma mabeki wa pembeni wote wawili juu, viungo wako karibu na boksi la mpinzani, na kati ya viungo na mabeki wa kati kuna uwanja mtupu ungeweza kuegesha daladala tatu. Mpira mmoja ukipotea pale, mabeki wawili wanabaki na washambuliaji wawili wanaokimbia uso kwa uso nao. Hili linamtokea yeyote anayefukuza matokeo, alipwe asilipwe. Dawa yake ni kuacha mtu wa tatu nyuma mpira ukiwa mbele, na baada ya kufunga goli kuuchelewesha mchezo kidogo: kipa alale na mpira, kapteni amwite refa, mtu afunge kamba za viatu. Waarabu wanafanya hivyo na sisi tunazomea, tunasema wanapoteza muda. Wanacheza mpira wale.

Halafu kuna ugonjwa wa pili, kinyume kabisa cha wa kwanza. AFCON iliyopigwa Ivory Coast, Januari 2024, mechi na Zambia. Msuva kafunga dakika ya 11. Zambia wakapewa nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kizima tuko kumi na moja kwa kumi. Tukafanya nini? Tukarudi nyuma. Dakika ya 88, kona, Daka kichwa, 1-1. Sasa pale nani alikuwa na tamaa ya Goli la Mama? Wangekuwa nayo wangeenda kutafuta la pili!

Kurudi nyuma na kukaba ni vitu viwili tofauti. Sisi tunajua kurudi nyuma.

#10 Ngongoti
Kocha umeua. Nimekaa paleee na karanga zangu.

#11 Mama Wawili
Mimi ni mgeni kwenye mbinu zenu lakini nina swali dogo. Hiyo milioni 20 ya goli moja inatoka fungu gani? Nauliza tu, maana kliniki ninayoenda juzi niliambiwa nije na glavu zangu.

#12 Mzalendo Halisi
Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Uzi ulianza na mpira, sasa umevua jezi. Uchaguzi ni Oktoba hii ya 2025, kila kitu mnakigeuza siasa. Mama kawapa vijana moyo, timu zetu zimefika fainali mbili za Afrika ndani ya miaka miwili, mnaleta habari za glavu. Kabla ya hapo fainali ilikuwa lini?

#13 Mama Wawili
Kaka, nimeuliza fungu, sijamtukana mtu. Ukinijibu nanyamaza.

#14 Chenji Kamili
Chawa hajibu, chawa ananyonya.

#15 Mzee wa Uhuru
Vijana punguzeni jazba. Mzalendo ameuliza fainali ya kabla ya hapo ilikuwa lini. Nilikuwepo. Novemba 1993, Simba na Stella Abidjan, Kombe la CAF, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu mnaouita Uhuru. Ugenini tulitoka 0-0. Kila mtu alijua kombe ni letu. Mzee Mwinyi alikuwa rais. Mtaani ilivuma kwamba wachezaji wameahidiwa magari wakichukua kombe, gari kwa kila mmoja. Boli Zozo akatupiga mbili. Nakumbuka kimya kile. Unasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe nje ya geti.

Watu mpaka leo wanasema wachezaji walikuwa wameshaanza kuendesha magari kichwani. Mimi huwa nasema Stella walikuwa timu nzuri tu, lakini sina wa kuniunga mkono hata nyumbani kwangu.

Kwa hiyo Kitasa, mwanangu, hoja yako ni ya zamani kuliko Goli la Mama. Ahadi ikiwa kubwa kuliko mechi, mguu unakuwa mzito. Ila gari lile la 1993 lilikuwa la wote, beki na mshambuliaji, na bado tukafungwa.

#16 Lunyasi Damu
Shikamoo Mzee. Ila ungetuacha na jeraha letu, mbona umelifunua mbele ya Utopolo, hawa Yanga.

#17 Mzee wa Uhuru
Marahaba. Jeraha lisipofunuliwa linaoza.

#18 Kipa wa Mchangani
Ngoja niwape kisa changu, mcheke kidogo.

Mwaka 2020 kata yetu kulikuwa na ligi ya mgombea mmoja wa udiwani. Jezi katoa, mipira miwili katoa, na siku ya ufunguzi akasimama kwenye meza akatangaza: kila goli shilingi elfu 10, taslimu, palepale. Mimi kipa. Mechi ya kwanza tu nikaona mabadiliko. Beki wangu wa kulia, jamaa mzito ambaye kuvuka nusu ya uwanja kwake ni safari ya kuombewa, nikamwona yuko kwenye boksi la wapinzani anadai pasi. Tukipata penalti wanagombana watu sita. Siku moja wawili wetu waliung'ang'ania mpira mpaka refa akatishia kumaliza mechi.

Ile mechi iliisha 6-5, tumeshinda. Katibu wa mgombea akaja na kitita cha noti kimefungwa raba, anahesabu, sita kwa wafungaji. Nikamfuata, nikamwambia mimi nimeokoa penalti mbili. Akaniangalia kama nimemuomba figo. Akasema, "Wewe umefungwa tano, ukidai sana tutakukata." Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, nifanyeje.

Akaongeza kwamba niandike jina, nitafikiriwa. Nikaandika.

#19 Ngongoti
"Tutakukata" 😂😂😂 nimemwaga chai.

#20 Kitasa Mstaafu
Kipa, huo ndio uzi wangu wote umeuandika kwa kifupi. Asante sana.

Na mimi niongeze langu. Tulikuwa tunacheza ugenini, timu mwenyeji inataka kupanda daraja. Mfadhili wetu kaahidi bonasi, kila goli na bei yake. Tulitoka 0-0. Nilikaba siku ile mpaka nikatapika pembeni ya uwanja. Straika wao alikuwa ananizidi kimo kwa kichwa kizima na hakugusa mpira wa hewani hata mmoja. Ndani ya basi mfadhili akasema, "Leo hakuna goli, hakuna kitu, tutakula njiani." Tukala mahindi ya kuchoma. Pointi moja ugenini, mahindi mawili kila mtu.

Wiki iliyofuata tulishinda 3-2 nyumbani kwa uzembe mtupu, tukagawana pesa. Sasa niambieni, kijana wa miaka 20 hapo anajifunza nini?

#21 Mhasibu Mpole
Visa vyenu ni vitamu lakini Kitasa umeanzia mahali pabaya, na ni lazima niseme. Umeanza na CHAN. Hebu tuhesabu. Burkina Faso 2-0. Mauritania 1-0. Madagascar 2-1. Afrika ya Kati 0-0. Mechi nne za kundi, tumefungwa goli MOJA. Ukiweka na la Morocco, mbili ndani ya mechi tano. Hiyo ni timu inayokaba. Kilichotuua dhidi ya Morocco ni kwamba hatukufunga. Ukitaka kulaumu bei ya goli, useme bei ilikuwa ndogo!

Na Simba vile vile. Nusu fainali yao na Stellenbosch, mechi mbili, goli moja tu limefungwa, na lilikuwa la Simba. Wamefika fainali kwa kukaba.

#22 Lunyasi Damu
Mhasibu nikupe kadi ya uanachama bure.

#23 Kocha Daftari
Mhasibu uko sahihi kwa hesabu, lakini Simba hao hao kule Berkane walifungwa mbili ndani ya robo saa ya kwanza, dakika ya 8 na ya 14. Marudiano Zanzibar ikawa 1-1, kwisha habari. Mechi nyingi unakaba vizuri, ile moja kubwa unaanza usingizini. Hilo halionekani kwenye jumla ya magoli.

#24 Jirani wa Namanga
Hamjambo ndugu. Mimi ni Mkenya, nimepita tu nikaona mjadala umenoga.

Huku kwetu CHAN hiyo hiyo rais aliahidi kwa njia nyingine. Hakulipa goli, alilipa matokeo: ushindi shilingi milioni moja ya Kenya kwa kila mchezaji, sare nusu milioni. Kwa mechi ya Zambia akapandisha ikawa milioni mbili na nusu, na akaongeza nyumba ya vyumba viwili wakifika nusu fainali. Kila mchezaji, hata aliyekaa benchi. Sasa angalieni matokeo: DR Congo 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0 tukiwa pungufu mtu mmoja, Zambia 1-0. Hakuna aliyetafuta goli la pili! Ushindi ni ushindi, pesa ni ile ile.

Robo fainali Madagascar wakatutoa kwa penalti, siku ile ile mliyotolewa nyinyi. Nyumba ikabaki ya serikali.

#25 Kitasa Mstaafu
Karibu jirani. Umeona jamani? Lipa matokeo, watu watakaba.

#26 Mhasibu Mpole
Kitasa, Kenya kundini wamefungwa goli moja. Sisi kundini goli moja. Wamelipwa tofauti, wamekaba sawasawa, wote wametoka robo fainali. Sasa pesa imefanya kazi gani hapo?

#27 Jirani wa Namanga
Haya, hapo umenishika. Ila kundi letu lilikuwa na Morocco na DR Congo, msisahau.

#28 Mwananchi Asilia
Na mfano wa tatu mmeusahau. Machi 2019 Stars walimfunga Uganda 3-0, tukafuzu AFCON baada ya miaka 39. Msuva moja, Erasto Nyoni penalti, Aggrey Morris kichwa. Mabeki wawili kati ya wafungaji watatu! Magufuli akawaita Ikulu, akatoa viwanja Dodoma kwa wachezaji wote, na akamkumbuka Peter Tino na Tenga wa kikosi cha 1980. Wote sawa, beki, kipa, straika. Wakaenda Misri: Senegal 0-2, Kenya 2-3, Algeria 0-3. Nane zimeingia.

Kwa hiyo hata ukimlipa beki, tena kwa ardhi yenye hati, bado anafungwa.

#29 Chenji Kamili
Walipewa viwanja wakasahau kiwanja.

#30 Mzee wa Uhuru
Peter Tino! Ndola, Agosti 1979. Hapa Dar tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0, kule ilitakiwa sare tu. Tulisikiliza redio, watu thelathini kwenye baraza moja. Tino anafunga, 1-1, Tanzania inakwenda AFCON ya Lagos. Hakuna bei ya goli iliyotangazwa siku ile. Na zawadi yake ya maana imekuja baada ya miaka arobaini, mnaona mambo haya?

#31 Mama Wawili
Mzee huwa unanitoa machozi. Lakini bado sijajibiwa kuhusu fungu.

#32 Mzalendo Halisi
Dada, pesa ile ni motisha, nchi zote zinafanya. Hata jirani hapo juu kakwambia kwao waliahidi nyumba. Na uwanja mpya unajengwa Arusha kwa ajili ya AFCON 2027, hilo hamlisemi.

#33 Mama Wawili
Motisha ni jibu la "kwa nini". Nimeuliza "kutoka wapi".

#34 Kocha Daftari
Arusha wana Sheikh Amri Abeid tangu zamani, ila ni cha chama, CCM. Kirumba cha chama, Sokoine cha chama, Majimaji cha chama. Unataka beki anayejua kukaba? Anza na uwanja ambao mpira haurukii gotini. Kijana wa mkoani akipokea pasi kwenye kipara cha vumbi anajifunza kitu kimoja tu: kubutua. Kubutua ni mwanzo wa kufungwa, maana mpira unarudi baada ya sekunde nne. Huu ndio ufafanuzi wangu wa tatu, na nadhani ndio wenye uzito kuliko milioni 5.

#35 Mwananchi Asilia
Na wachezaji wageni 12 kwa kila klabu je? Klabu kubwa zinasajili mabeki wa kati kutoka nje, halafu Stars ikiitwa tunashangaa kitasa mzawa hana mechi miguuni.

#36 Lunyasi Damu
Mbona Stars ya CHAN ilikuwa ya ligi ya ndani tupu na imefungwa mbili tu? Mhasibu kashasema. Someni uzi kabla ya kuandika.

#37 Ngongoti
Mmesahau kamati ya ufundi. Bila kamati ya ufundi kuzika kitu golini hamkabi mtu. 😂

#38 Kipa wa Mchangani
Kamati ya ufundi ilishanipa dawa nipake kwenye glavu. Mpira ukawa unateleza. Nilifungwa nne.

#39 Kitasa Mstaafu
Nimesoma yote. Kuhusu CHAN mmenishinda, Mhasibu nakuvulia kofia. Kuhusu zile dakika mbili za Mei 2023, sijashawishika bado, na sidhani nitashawishika.

Ila niwaambie kilichonifanya niandike. Nina mtoto wa dada yangu, miaka 14, ana kimo, ana nguvu, anasoma mchezo. Kitasa aliyezaliwa. Kocha wake anampanga namba nne, yeye analia anataka namba tisa. Nikamkalisha chini nimuulize kwa nini. Akaniambia, "Mjomba, pesa ikitolewa pale uwanjani wanaitwa waliofunga wapigwe picha. Umeshamwona beki akiitwa?" Nikatafuta jibu, sikuwa nalo.

#40 Mhasibu Mpole
Mwambie Nyoni na Aggrey Morris walifunga wakiwa mabeki, walipigwa picha.

#41 Kitasa Mstaafu
Nilimwambia. Akasema, "Si kwa sababu walifunga?"

#42 Chenji Kamili
Huyo dogo awe msemaji wa serikali.

#43 Mama Wawili
Kipa, samahani, nimekaa nalo toka juu. Lile jina uliloandika 2020, ulifikiriwa?

#44 Kipa wa Mchangani
Bado dada. Mwaka huu anagombea tena, jezi zimeshafika. Safari hii nimejiandikisha kama straika.